Kinga ya Mwili na Maji ya Nyumbani

Kitenzi "kukinga" kina maana mbili ambazo kwa mgeni wa lugha yetu huonekana kupingana. Mtu hukinga jua kwa mkono, hukinga upepo kwa ukuta, hukinga pigo kwa ngao. Hapo kukinga ni kuzuia kitu kisimfikie. Lakini mvua inaponyesha, mtu huyo huyo huweka ndoo chini ya mchirizi akakinga maji, na mgema hutundika kibuyu juu ya mnazi akakinga tembo. Hapo kukinga ni kupokea kwa mpango, kukiandalia chombo kile kinachoteremka ili kisimwagike ovyo. Walipohitaji jina la ule utaratibu wa mwili unaopambana na maradhi, wataalamu wa istilahi waliuita mfumo wa kinga, nao bila shaka walikuwa na maana ya kwanza akilini. Nimekuwa mkalimani wa Kiswahili katika hospitali na kliniki za Birmingham kwa miaka kumi na minne sasa, na istilahi hiyo nimeitamka mara nyingi kuliko jina langu. Nilichojifunza polepole ni kwamba, linapokuja suala la minyoo, mwili wa binadamu hukinga kwa maana zote mbili kwa pamoja, na kwamba katika jiji kama hili, kuisahau maana ya pili kunaweza kugharimu uhai wa mtu.

Sensa ya mwaka 2021 ilionyesha kuwa zaidi ya robo ya wakazi wa Birmingham walizaliwa nje ya Uingereza. Ukipita Small Heath au Sparkbrook siku ya Jumamosi huhitaji sensa kukuambia hivyo. Wanaonifikia mimi ni Wakongo wa Kivu, Wazanzibari, Wasomali waliokulia katika kambi za Kenya, na mara moja moja wazee wa Kigujarati waliozaliwa Kisumu au Kampala, ambao hawahitaji mkalimani lakini wakinisikia ukumbini hunisalimu kwa Kiswahili ili kukionja tena. Kila mmoja wao amebeba mwilini mwake historia ya maji aliyooga na udongo aliokanyaga. Aghalabu hakuna anayemuuliza habari hiyo, naye mwenyewe haoni sababu ya kuitaja.

Miaka michache iliyopita niliitwa kumfasiria bibi mmoja wa zaidi ya miaka sabini, mzaliwa wa kaskazini ya Unguja, aliyeishi hapa tangu miaka ya 1990. Ninamwandika kwa ridhaa yake, na mambo machache nimeyabadilisha asitambulike. Alikuwa na maradhi ya viungo yaliyomtesa, na daktari alitaka kumwanzishia dawa za steroidi kwa kipimo kikubwa. Kabla ya kuandika dawa aliangalia majibu ya damu, akasita. Idadi ya seli ziitwazo eosinofili ilikuwa juu kupita kiasi cha kawaida, na ukirudi nyuma katika kumbukumbu zake, ilikuwa juu hivyo kwa miaka mingi bila mtu kuijali. Daktari akauliza maswali ambayo sikuyatarajia katika chumba kile: alikulia wapi, alioga maji gani, alitembea pekupeku mpaka umri gani. Kisha akasema kuwa huenda bibi ana minyoo aliyotoka nayo nyumbani.

Nilifasiri. Bibi akanyamaza kitambo, kisha akanigeukia mimi wala si daktari.

"Mwanangu, miaka karibu thelathini nakaa nchi ya watu, naoga kwa sabuni, nala chakula cha dukani. Leo niambiwe nina chango? Neno hilo usimfikishie."

"Bibi, mimi hapa ni ulimi tu. Unalolisema nalifikisha, na analolisema nalirudisha. Siwezi kulificha moja nikalitoa jingine."

"Basi mwambie hivi: mimi sikuja na wadudu."

Nikalifikisha kama lilivyo. Daktari, ambaye mwenyewe alikuwa mtoto wa wahamiaji, aliweka kalamu chini na kueleza kwa upole kwamba si suala la usafi, wala kosa lake, wala la kijiji chake. Bibi alimsikiliza kwa adabu. Sidhani kuwa siku ile alimsadiki.

Aibu yake haikuzuka hewani. Lugha za siasa zimemtumia mdudu anyonyaye kama tusi tangu zamani, na lugha yetu haikusalimika. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, wakwasi na mabepari waliitwa kupe, wanyonyaji, watu wa mirija. Na neno hilo, hata kama lilianza kama hoja ya uchumi, liliweza kuangukia jamii nzima, hasa Waasia wa mijini. Mwaka uliofuata, tarehe 20 Aprili 1968, Enoch Powell alisimama katika Midland Hotel hapa Birmingham akatoa hotuba ya kuwatisha wenyeji kuhusu wageni waliokuwa wakiwasili, na mwangwi wake haujafifia katika vichwa vya wazee wa jiji hili. Mtu aliyewahi kuangaliwa kama mdudu hatakubali kwa wepesi kuambiwa kuwa anao. Ndiyo maana nataka kueleza kwa makini jambo ambalo mwili hulifanya, kwa maneno ambayo hayamgeuzi mgonjwa kuwa uwanja wa vita wala kuwa tishio kwa jirani yake.

Madaktari hupenda mfano wa jeshi. Wao husema askari, nami hufasiri askari. Kwa bakteria mfano huo hufaa kiasi, kwa kuwa bakteria ni mdogo na seli moja nyeupe ya damu yaweza kummeza na kumyeyusha. Mnyoo hamezeki. Mnyoo wa safura ana urefu wa sentimita moja hivi, ilhali seli nyeupe ina upana wa takriban sehemu moja ya elfu ya urefu huo. Ni kama kumwambia mtu ammeze kiumbe wa urefu wa zaidi ya kilomita moja na nusu. Mwili, kwa hiyo, ulilazimika kubuni njia nyingine, na njia hiyo yafanana zaidi na kazi za nyumbani kuliko vita.

Huanzia katika ngozi laini inayofunika utumbo kwa ndani. Humo mna seli chache zenye vishungi vidogo kichwani, ambazo kwa miaka mingi wanasayansi walizitazama kwa darubini bila kujua kazi yake. Mwaka 2016 makundi ya watafiti yalionyesha kwamba seli hizo ndizo zinazoonja uwepo wa minyoo na kupiga mbiu. Mbiu hiyo ni kemikali za jamii ya interlukini. Seli nyingine za jirani huisikia, nazo hutoa interlukini za namba 4, 5 na 13, ambazo kila mojawapo ina kazi yake. Ile ya 13 huzifanya seli za ute ziongezeke na kumwaga ute mwingi, huku misuli ya utumbo ikikaza na maji yakitiririka. Utumbo unajiosha na kujifagia, na mnyoo asiyeshika vyema huteleza na kutoka. Ile ya 5 huuamrisha uboho wa mifupa utengeneze eosinofili kwa wingi, seli ambazo Paul Ehrlich alizitambua mwaka 1879 kwa jinsi zilivyokunywa rangi nyekundu ya eosini. Ile ya 4 huchangia kutengenezwa kwa kingamwili ya aina ya E, iliyogunduliwa katika miaka ya 1960 na watafiti waliofanya kazi Marekani na Uswidi. Kingamwili hiyo huzipandisha hasira seli nyingine zinazoleta muwasho, chafya na kikohozi, vyote vikiwa njia za kukisukuma nje kisichomezeka.

Kuna kazi nyingine ambayo mfano wa jeshi huificha kabisa. Mnyoo hutoboa. Hupita katika ngozi, mapafu, ini na utumbo, akiacha matundu nyuma yake. Majibu yale yale yanayomsukuma nje huita pia seli za makrofaji na kuzipa kazi ya ufundi: kuziba, kushona, kurudisha tishu mahali pake. Baadhi ya wanasayansi wanaamini kuwa chimbuko la majibu haya lilikuwa ukarabati wa majeraha, na kupambana na minyoo kukaja juu yake. Mtu ambaye nyumba yake imetobolewa paa hana budi kuziba tundu hata kama aliyelitoboa bado yumo ndani.

Mara nyingi, kweli, bado yumo ndani. Hapa ndipo kukinga kwa maana ya pili kunapoanza. Nilikokulia, upande wa Muheza mkoani Tanga, kichocho kilijulikana kwa kila mvulana. Maji ya mto yalikuwa na konokono wadogo, ndani ya konokono mlikuwa na viluwiluwi wasioonekana kwa macho, na viluwiluwi hao hutoboa ngozi ya muogaji kwa muda wa dakika chache. Theodor Bilharz, daktari Mjerumani aliyefanya kazi Cairo, aliwaona minyoo hao katika mishipa ya damu ya maiti mwaka 1851. Huishi humo wawiliwawili, jike amelala katika mfereji wa mwili wa dume, kwa miaka mitatu hadi kumi kwa kawaida, na wamewahi kupatikana ndani ya watu walioondoka katika maeneo ya kichocho zaidi ya miaka thelathini nyuma.

Minyoo hao wazima, wakiwa katikati ya damu yenyewe, katikati ya kila silaha tuliyonayo, hawaguswi sana. Mwaka 1969 Smithers na Terry, watafiti wa taasisi ya Mill Hill jijini London, walieleza moja ya sababu: mnyoo hujivika molekuli za mwenyeji wake, akaonekana kama sehemu ya nyumba. Waligundua pia kwamba mwenyeji mwenye minyoo wazima aweza kuwazuia viluwiluwi wapya wasijijenge. Wale wa zamani wanaachwa, wapya wanakataliwa. Watafiti waliliita jambo hilo kinga ya kuambatana, na sijui neno linalolifaa zaidi kuliko kitenzi chetu chenye nyuso mbili.

Madhara mengi ya kichocho hayatoki kwa mnyoo mzima. Hutoka kwa mayai. Jike hutaga kila siku, na sehemu kubwa ya mayai hayo haitoki kwa mkojo au choo bali hunasa katika kibofu, utumbo au ini. Mwili hulizingira kila yai kwa kifuko cha seli, mlinzi juu ya mlinzi, mpaka pale pote panageuka kovu. Damu tuliyoiona kwenye mkojo, ini linalokuwa gumu baada ya miaka, mrija wa mkojo unaoziba: hayo ni makovu ya ulinzi wenyewe. Hata hivyo wanyama wa maabara walionyimwa uwezo wa kulizingira yai huugua haraka zaidi, kwa sababu sumu ya yai huachwa huru kuunguza ini. Ulinzi ukizidi huua polepole, na ukikosekana huua upesi. Mwili wenye busara hutafuta kipimo. Kadiri miezi inavyopita baada ya maambukizo, seli T za udhibiti huongezeka, kemikali za kutuliza hutolewa, na vifuko vipya vinavyojengwa huwa vidogo kuliko vya kwanza. Mwili umejifunza kumpokea asiyeweza kumfukuza, na kumpokea kwa namna isiyobomoa nyumba.

Swali la kama mwili hatimaye hujifunza kumzuia mnyoo lilijibiwa, kwa sehemu kubwa, Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1980 watafiti waliofanya kazi Machakos nchini Kenya waliwatibu watu kichocho kisha wakawafuatilia. Watoto waliambukizwa tena upesi. Watu wazima waliogusa maji yale yale hawakuambukizwa kwa wingi kama wao, na tafiti zilizofuata zilihusisha jambo hilo na kingamwili ya aina ya E. Mfano ulionigusa zaidi ni ule wa Kisumu. Katika ufuo wa Ziwa Viktoria vijana huosha magari huku wamesimama majini siku nzima, na kila siku ya kazi ni siku ya kuambukizwa. Diana Karanja na wenzake waliwafuatilia waosha magari hao, wakawatibu kwa prazikwanteli kila walipoambukizwa, na mwaka 2002 wakachapisha matokeo: baadhi yao, baada ya kutibiwa mara kadhaa, walianza kukaa muda mrefu zaidi na zaidi bila kuambukizwa, ingawa kazi yao haikubadilika. Maelezo yanayokubalika ni kwamba mnyoo anapokufa ndani ya mwili hufunua yale aliyoyaficha akiwa hai, na mwili huyasoma. Wale miongoni mwao waliokuwa na virusi vya UKIMWI na kinga iliyozidi kushuka walishindwa kuyashika waliyojifunza. Elimu hii basi ipo, lakini ni ya polepole mno, na hulipiwa kwa miaka ya kusimama majini.

Birmingham nayo ina sehemu yake katika habari ya kustahimili kisicho chako. Kati ya mwaka 1947 na 1951, kiti cha uprofesa wa zoolojia katika Chuo Kikuu cha Birmingham kilikaliwa na Peter Medawar, mzaliwa wa Brazili ambaye baba yake alikuwa Mlebanoni. Katika miaka hiyo yeye na Rupert Billingham walipandikiza ngozi baina ya ndama mapacha, wakakuta kwamba ndama wasio wa yai moja walikubali ngozi za wenzao, kinyume cha matarajio. Damu zao zilikuwa zimechanganyika tumboni mwa mama, na mwili uliokutana na mgeni mapema ulimhesabu kuwa wake. Mmoja wa wanafunzi wa zoolojia hapa katika zama hizo alikuwa Leslie Brent. Alizaliwa Ujerumani kwa jina la Lothar Baruch, na Desemba 1938 aliletwa Uingereza pamoja na watoto wengine wa Kiyahudi waliookolewa. Wazazi wake na dada yake waliuawa na Wanazi. Brent alimfuata Medawar London, na mwaka 1953 watatu hao wakathibitisha kwa panya kuwa ustahimilivu wa seli za kigeni unaweza kufundishwa. Medawar alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1960. Nimepita mara nyingi karibu na mnara mrefu wa saa wa chuo hicho nikielekea kazini, nikifikiri kwamba mkimbizi aliyenyimwa ustahimilivu na nchi yake alikuja kusaidia kuuthibitisha kama kanuni ya mwili.

Wapo waliovuka kutoka katika ustahimilivu hadi katika kuwasifu minyoo. Hoja yao si ya mzaha. Majibu yale yale yanayoleta ute, muwasho na kingamwili E ndiyo yanayoleta pumu na mafua ya chavua, na maradhi hayo yamekithiri palipokosa minyoo. Mwaka 1976 mtafiti Mwingereza John Turton aliandika kwamba alijiambukiza safura kwa hiari na mafua yake ya chavua yakatulia. Nottingham, jirani zetu wa kaskazini-mashariki, David Pritchard na wenzake waliendeleza uchunguzi huo kwa miaka, wakiwapa wagonjwa wa kujitolea viluwiluwi vichache vya safura; majaribio ya pumu hayakuleta nafuu ya kutosha kuthibitika. Uganda imetupa ushahidi wa pande zote mbili. Katika utafiti wa Entebbe uliowaandikisha wajawazito takriban 2,500 kuanzia mwaka 2003 hadi 2005, watoto ambao mama zao walipewa albendazoli walipata ukurutu kwa wingi zaidi. Lakini katika visiwa vya Koome, ambako jamii za wavuvi zilipewa dawa za minyoo kwa bidii kwa miaka mitatu, pumu na mzio havikuongezeka. Mimi niliyewaona watoto wa safura, midomo imepauka, wakisinzia darasani kwa upungufu wa damu, siwezi kuwaita minyoo marafiki wa kale. Mwenyeji mstahimilivu hulipa gharama hata kama hapigi kelele.

Gharama kubwa kuliko zote ni ile iliyomsubiri bibi wa Unguja. Majibu ya kipimo yalirudi baada ya wiki chache: alikuwa na strongiloidi, mnyoo wa milimita mbili hivi ambaye huingia kwa nyayo kutoka katika udongo, hupita katika mapafu, na hatimaye huishi katika ukuta wa utumbo mwembamba. Wengi wa minyoo wengine huzeeka na kufa. Strongiloidi hana haja ya dume wala ya kurudi udongoni. Baadhi ya watoto wake hukomaa ndani ya utumbo na kumwingia upya mtu yule yule, kizazi baada ya kizazi. Wanajeshi Waingereza waliotekwa na Wajapani na kulazimishwa kujenga reli kati ya Thailand na Burma walikutwa naye huko Liverpool zaidi ya miaka arobaini baada ya vita. Kwa muda wote huo majibu ya mwili humweka mnyoo katika idadi ndogo, hata mwenye mwili asijue. Eosinofili zilizopanda ndizo dalili pekee ya makubaliano hayo.

Steroidi huyavunja makubaliano. Dawa hizo hutuliza kinga yote bila kuchagua, eosinofili hushuka hata kipimo cha damu kikaonekana kizuri, na minyoo huzaana bila kizuizi. Viluwiluwi huhama kwa maelfu kutoka katika utumbo, wakibeba bakteria wa choo hadi katika damu, mapafu na ubongo. Asipotambuliwa upesi, mgonjwa hufa, na cheti cha kifo kikaandika sumu ya damu. Mwaka 2020, ilipothibitika hapa Uingereza kuwa deksamethasoni huokoa maisha ya wagonjwa mahututi wa UVIKO-19, dawa hiyo ilienea duniani kwa wiki chache, na madaktari wa magonjwa ya kitropiki walikumbusha papo hapo kwamba mgonjwa aliyekulia katika nchi za joto achunguzwe au apewe ivermektini. Kinachotisha ni urahisi wa tiba yenyewe. Bibi alimeza vidonge vya ivermektini mara mbili, kwa wiki mbili zilizofuatana, akasubiri, kisha akaanza steroidi zake. Viungo vyake vikapata nafuu. Miezi kadhaa baadaye eosinofili zilikuwa zimeshuka hadi kawaida, labda kwa mara ya kwanza tangu utoto.

Kilichomwokoa ni swali: ulikulia wapi? Tunalichukia swali hilo, na tuna haki, maana mitaani huulizwa kwa nia ya kututenga. Lakini katika chumba cha daktari, asiyeulizwa alikotoka hutibiwa kama mtu asiye na historia, na mwili hauwezi kuishi bila historia yake. Siku hizi ninapofasiri kwa wazee wanaokaribia kuanza steroidi, dawa za saratani au kupandikizwa figo, nami nikisikia wanataja Unguja, Kivu au Kismayu, husubiri daktari aulize. Mkalimani haruhusiwi kuuliza kwa niaba yake. Mgonjwa anaruhusiwa. Kwa hiyo nje ya kazi, misibani, harusini na katika mabaraza ya jamii yetu, huwaambia watu waseme wenyewe, hata wasipoulizwa: nimekulia mahali fulani, nilitembea pekupeku, nipimeni kwanza.

Watoto wetu waliozaliwa hapa wana habari ya kinyume, nayo hunihusu nyumbani mwangu. Wangu wawili huenda Muheza karibu kila Agosti, na shangazi zao huwapokea kama watoto wa kijiji. Miili yao si ya kijiji. Mtu aliyekulia penye kichocho, ambaye kinga yake ilianza kuzoea tangu utotoni, mara nyingi haoni lolote siku anapoambukizwa tena. Mgeni aliyeoga kwa mara ya kwanza aweza, baada ya wiki mbili hadi nane, kuanguka na homa kali, kikohozi na vipele, eosinofili zikiwa zimepanda sana. Hali hiyo huitwa homa ya Katayama, kwa jina la eneo la Japani. Minyoo ni wale wale. Mwili ndio ambao haujafundishwa kipimo. Na kwa kuwa homa huja wakati likizo imekwisha na shule ya Birmingham imefunguliwa, daktari wa mtaa huitibu kama mafua.

Siwakatazi kwenda. Baharini waogelee mpaka wachoke, kwa kuwa konokono wa kichocho hawaishi katika maji ya chumvi. Mtoni huwaambia wakae ukingoni, jambo ambalo binamu zao huliona la kuchekesha. Mwaka ambao mdogo hakunisikia, nilihesabu wiki kwenye kalenda ya jikoni, nikampeleka kupimwa damu, na mapokezi walipouliza sababu nikaandika kwenye fomu kwa herufi kubwa: ALIOGA MTONI, TANGA, AGOSTI.